Daktari Anayekuja Msibani

Kuna watu pale sokoni wanasema Daktari Mbuke alitukimbia. Wakisema mbele yangu nawanyamazisha, maana wengi wao wamehamia juzi kufuata dhahabu na hawajui lolote. Mimi nilikuwepo siku anateremka kwenye bajaji hapa Mwagulanja, mji wetu mdogo kando ya barabara ya Kahama kwenda Ushirombo, begi moja mkononi na viatu vyeupe ambavyo vumbi letu lilivimaliza kabla hajajua choo kiko wapi. Naitwa Generoza, ni mkunga wa kituo cha afya. Watu huniita Mama Agapiti, na nikiwapa mgongo huniita Mkali. Nasikia.

Alikuwa msichana mwembamba, Msukuma wa Samuye, mtoto wa wafugaji, lakini alikuwa ametoka kusoma Dar es Salaam na Kisukuma chake kilikuwa kimelala. Nilimwangalia nikasema moyoni, huyu naye atamaliza masika arudi kwao. Kabla yake tulikuwa na daktari wa kuja na kuondoka. Mjamzito akikwama tulimpakia kwenye gari la wagonjwa kwenda Kahama, na wengine hawakufika. Mbuke alipokuja, chumba cha upasuaji kilichokuwa kimegeuzwa stoo ya vyandarua kikaanza kazi. Alikuwa na mikono mizuri. Nimeshika taa, nimeshika mikasi, nimepokea watoto kutoka matumboni pembeni ya madaktari wengi, na mikono najua kuiangalia.

Lakini watu wa hapa hawakumpenda kwa ajili ya mikono. Walimpenda kwa sababu ya nzengo.

Nzengo, kwa asiyejua, ni majirani waliojifunga pamoja. Mtu akifiwa, wanaume wa nzengo wanachimba kaburi, wanawake wanaleta maji, kuni na unga. Usipokwenda kwa mwenzako unatozwa. Ukiendelea kujifanya mkubwa unatengwa, na kutengwa kwa Wasukuma si mchezo: hakuna wa kuitikia salamu yako, hakuna wa kukuuzia hata nyanya, na siku yako ikifika hutachimbiwa. Mimi Msumbwa, nilipohamia hapa niliona ni ubabe mtupu. Nikatozwa nikakoma.

Mwezi wake wa kwanza Mbuke alikosa msiba. Alikuwa thieta na mama anayetoka damu, angetokaje? Mwenyekiti wa nzengo, Magesa, mtu mmoja mfupi mwenye duka la pembejeo anayependa kusikia sauti yake, akasema hiyo si sababu, hata marehemu naye alikuwa na shughuli zake. Wakamtoza: apikie nzengo nzima. Mbuke alikuja kwangu machozi yanamlengalenga. Hasira ilinipanda, nikafunga kanga nikamvamie Magesa.

Aliyeniwahi ni Zipora. Zipora alikuwa mjane, kiongozi wa wanawake wa nzengo, yule anayepita nyumba kwa nyumba kuita watu msibani. Alikuja kituoni na sufuria kubwa kichwani, akamwambia Mbuke, "Ng'wana wane, mtoto wangu, usilie. Hawakuchukii. Mtu wasiyemtaka hawamtozi, wanamwacha tu." Wakapika wote wawili ugali na maharage, na michembe ya Zipora, vile viazi vitamu vya kukausha, ikachemshwa na karanga. Mbuke aliungua mkono, watu wakala, wakamtania kuwa daktari hajui kusonga. Tangu siku hiyo Zipora akawa mama yake wa hapa. Kisukuma kikaamka. Asubuhi ulikuwa ukiwasikia uani, mmoja "Wangaluka," mwingine "Wangaluka, mayu," yaani mama, wanasalimiana weee mpaka wagonjwa wanaanza kukohoa makusudi.

Msiba hakukosa tena. Akitoka thieta anafunga kanga, anabeba ndoo ya maji kichwani, anakwenda. Hata msiba wa mtu aliyemfia mwenyewe mezani. Huo ndio ulikuwa mtihani, na mimi nilimkataza. Nilimwambia, "Watakupiga." Alikuwepo kijana mchimbaji, Benjamini, aliyefukiwa kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo lao. Waliomfukua walimleta akiwa bado anaongea. Mbuke alimfungua akakuta ini limechanika, akashona, akabana, akaweka pamba, damu haikusikia. Kesho yake kabla ya mazishi akasimama katikati ya watu, mbele ya baba wa marehemu, akasema: "Mimi ndiye niliyempasua. Ini lilikuwa limechanika. Nilijaribu kulishona nikashindwa. Daktari bingwa labda angeweza. Mimi sikuweza. Nisameheni." Akakaa chini kati ya wanawake.

Nilikuwa nimeshajiandaa kukimbia naye. Baba wa Benjamini akamfuata, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Baada ya hapo watu wakawa wanatoka vijiji vya mbali, wanapita vituo vingine, wanakuja kwetu. Ukiwauliza kwa nini, wanasema, tunamtaka yule daktari anayekuja msibani.

Tulipokuwa tunarudi siku ile, Mbuke aliniambia, "Mama Agapiti, nimechoka kubeba maji kwenye misiba ya watu ambao mtu mwenye elimu zaidi angewaponya." Ndipo hamu ya ubingwa ilipomshika. Nisimsingizie, haikuwa huruma peke yake. Alikuwa na uchu. Wenzake aliosoma nao walikuwa wanatuma picha wamevaa makoti ya hospitali kubwa, yeye anabishana na popo kwenye dari. Alitaka aitwe bingwa, alitaka asimame mbele ya maprofesa wamsikilize. Na kuna ubaya gani? Mwanaume akitaka hivyo tunamchinjia mbuzi.

Nafasi ya kusomea upasuaji ilipopatikana, alikaa nayo moyoni, hali, halali. Akaniuliza, "Nikiondoka, hawa nani atawaona?" Nikamwambia ataletwa mwingine, serikali haijafa. Akaniangalia kama nimemtukana. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukipenda: alitaka kwenda, na alitaka pia pengo lake lisizibike. Zipora ndiye aliyemaliza ubishi. Alisema, "Nenda, ng'wana wane. Ukae huko ukijua tupo."

Jioni ya kuamkia safari, tukiwa watatu chumbani kwa Mbuke tunafunga mizigo, Zipora akasema kwa aibu kuna kitu kwenye titi lake la kushoto, kimekaa tu, hakiumi. Mbuke akaosha mikono, akampapasa. Kilikuwa kama punje ya karanga. "Kinatembea chini ya kidole," akasema. "Hakina haraka." Nikamwambia amtume Kahama kikapimwe. Zipora akakunja uso, kwenda Kahama kuvuliwa nguo na watu asiowajua hakutaka. Mbuke akacheka, macho yamejaa machozi ya kuagana, akamkumbatia akasema, "Basi, hiki ni changu. Nikija likizo nitakitoa mwenyewe. Mtu mwingine asikuguse, umesikia, mayu?"

"Nimesikia," Zipora akasema.

Aliyeletwa baada yake ni Daktari Otmar. Huyu ni Msumbwa mwenzangu, kwao ni jirani na kwetu Ushirombo, kwa hiyo msiseme nampendelea nikisema alikuwa na mikono mizuri kama ya Mbuke, na haraka zaidi. Mpole, mwenye heshima, kila asubuhi "Shikamoo, Mama Agapiti." Kosa lake moja: haendi msibani. Nilimwambia wiki ile ile aliyofika. Nilimwambia tena kwa ukali. Akanijibu, "Mama, nikikaa huko kutwa nzima, anayeletwa hapa anatoka damu nani atamwona?" Jibu la kweli kabisa. Siku moja nilimburuta. Akaja na pikipiki, akasimama pembeni bila kuzima injini, akatoa pole kwa mbali, akaondoka. Ni afadhali asingekuja.

Nzengo haikumtoza. Magesa alisema, "Huyo mwacheni." Nilijua maana yake, roho ikaniuma.

Wajawazito waliendelea kuja, uchungu hausubiri mtu. Lakini ugonjwa unaoweza kufichwa ukawa unafichwa. Wenye ngiri wakafunga vitambaa kiunoni. Wenye uvimbe wakavaa magauni mapana. Ukiuliza unaambiwa, "Tunamsubiri daktari wetu, alisema atarudi." Nikawa nagombana na watu njiani. Nilimwambia Zipora, "Otmar anaweza kukitoa hicho kitu leo ukalala nyumbani kwako." Akatabasamu. "Generoza, mtu akichanwa, anaweza kufa, si ndiyo? Sasa mimi nikifa mikononi mwa Otmar, nani atakuja kuwaambia watoto wangu kilichoniua? Nitachanwaje na mtu ambaye hatakaa kwenye msiba wangu?"

Jamani. Utamjibu nini mtu kama huyo? Nilimjibu ni mjinga, na nikasikitika baadaye, lakini siku hiyo nilikuwa na hasira.

Likizo ya kwanza Mbuke hakuja. Alikuwa amechaguliwa kwenda India na profesa wake, mwanafunzi pekee kati ya wote. Alinipigia simu sauti yake ikiruka kwa furaha, na mimi nilifurahi, kwa nini nisifurahi. Akaniuliza, "Na mama Zipora?" Nikamwambia kimekuwa kama limau dogo. Akasema aende Kahama mara moja, akaomba ampigie mwenyewe. Akampigia. Nilikuwepo nikimsikia Zipora akiitikia, "Ndiyo, ng'wana wane. Nitakwenda. Ndiyo. Wewe soma." Akaweka simu chini, akaendelea kuchambua pamba yake. Nikamwuliza utakwenda lini? Akasema, "Aliniambia nisiguswe na mwingine. Sasa anaona haya kwa kuwa amechelewa, ndiyo maana ananituma. Mtoto akikuahidi kitu, unamsaidia atimize."

Nilimrudia Mbuke nikamwambia hajaenda. Akasema anakuja mwezi unaofuata. Mwezi unaofuata ukaja na mambo yake. Kila mara kulikuwa na jambo, na kila jambo lilikuwa la kweli: mgonjwa wa profesa, semina, zamu ya mwenzake aliyejifungua. Hakuwa anadanganya. Ila unajua jinsi mtu anavyopanda ngazi, hawezi kugeuka kila hatua kuangalia chini, ataanguka. Nami nilikuwa chini, naangalia titi la Zipora.

Halafu likafunguka, likawa kidonda. Zipora alikuwa analificha kwa majani na kitambaa, mpaka harufu ikamsaliti kanisani. Martina, binti yake wa mwisho anayeishi naye, alinifuata akilia. Nilipiga simu Dar es Salaam sikusalimia. Nilisema, "Njoo uone kazi yako." Mdomo wangu huu. Hadi leo sijui kama nilifanya vizuri, lakini alipanda basi siku ile ile.

Alifika na koti la kijivu na nywele zimekatwa, mtu mwingine kabisa, akaingia kwa Zipora akapiga magoti. Zipora uso ukamng'aa. Alianza kufungua kanga mwenyewe, kama anayefunua chungu cha chakula alichokiweka muda mrefu. "Hiki hapa," akasema. "Hakuna aliyekigusa."

Mbuke alipapasa. Akaenda kwapani, akaenda shingoni, akasikiliza mgongo, akabonyeza pale chini ya mbavu. Nilimjua vizuri, nikaona vidole vinapunguza mwendo. Akafunga kanga taratibu, akasema twende Mwanza. Tulikwenda, alimshika mkono njia nzima. Huko madaktari walizungumza naye kwa Kiingereza kirefu, yeye bingwa mtarajiwa kati ya mabingwa, na mwisho wa yote jibu lilikuwa la kurudi nyumbani na dawa za maumivu. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini na mifupa. Hapakuwa na cha kukata. Alitoka nje akaketi kwenye ngazi za hospitali, akaniambia, "Siku ile kilikuwa kinatembea, Mama Agapiti. Ningekitoa na ganzi tu, tukaenda kula." Nilikaa naye. Sikuwa na ukali wowote uliobaki.

Alirudi Dar es Salaam kwa sababu mtihani wake wa mwisho ulikuwa mlangoni, na Zipora mwenyewe alimfukuza. "Nenda kamalize. Nataka kufa na bingwa." Alikuwa anatania. Wasukuma wanatania hata hapo.

Alikufa asubuhi moja ya mvua, Martina akiwa amemlaza mapajani. Nikampigia Mbuke. Alikuwa katikati ya mtihani, bado sehemu ile ya kusimama mbele ya maprofesa, ile aliyoiota miaka yote. Walimwambia akiondoka atarudia mwaka. Akaondoka. Wanaosema sokoni kwamba alitukimbia, hilo hawalisemi.

Siku ya mazishi nilimwona anakuja kutoka barabarani, ndoo ya maji kichwani, kanga kiunoni, miguu peku kwenye tope. Wanawake wakasogea wakamwachia nafasi. Otmar naye alikuja safari hiyo, alikaa kabisa, nyuma ya wanaume, ameinamisha kichwa. Kabla jeneza halijanyanyuliwa Mbuke akasimama. Nikajua anataka kufanya nini, nikamvuta kanga, akaniondoa mkono.

Alisema, "Mama huyu alikuwa na uvimbe mdogo. Mimi nilimwambia asubiri. Nilimwambia mtu mwingine asimguse. Alinisubiri, mimi nikawa nashughulika na yangu. Daktari Otmar yule pale angemponya. Mimi ndiye niliyemuua." Alisema kwa Kisukuma, halafu akarudia kwa Kiswahili ili Otmar naye asikie.

Watoto wa Zipora walikuwa wanamwangalia. Kisha Magesa akainuka, akakohoa kama kawaida yake. "Daktari," akasema, "tumesikia. Umeacha mtihani ukaja, tumeambiwa. Umesimama ukasema ukweli mbele ya maiti, kama ulivyofanya kwa Benjamini. Nzengo haina la kukutoza. Nenda ukarudie huo mwaka. Sisi tupo, tutakusubiri." Wanaume wakaguna kukubali. Wanawake wakapiga makofi taratibu, yale ya kukubali neno.

Uso wa Mbuke ulibadilika rangi. "Hapana," akasema. "Msinisubiri. Hamjanielewa. Nawaomba, msinisubiri, nendeni kwa Otmar." Alikuwa anageuka huku na huku anamtafuta mtu wa kumwelewa. Wao walimwangalia kwa huruma, jinsi unavyomwangalia mfiwa anayeongea ovyo. Hapo nilitamani kupiga kelele, na mimi ni mtu wa kelele. Kila alivyojishtaki ndivyo walivyozidi kumwamini.

Martina akamfuata, akamkalisha, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake mwenyewe, yeye aliyefiwa. "Pole, Daktari," akamwambia kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu. "Usijilaumu. Mama alikufa anakupenda. Hata mimi cha kwangu sijakionyesha kwa mtu, nimekutunzia wewe."

Mbuke aliingiza mkono chini ya gauni la Martina palepale, mbele ya watu wote na jeneza halijatoka uani, akapapasa titi, akapanda kwapani. Nikaviona vidole vinapunguza mwendo. Nikamwuliza Martina kilianza lini. Akasema tangu tulipompeleka mama Mwanza, hakutaka kutuongezea shida.